Kamba Isiyokatika ya Shirao

Maneno niliyasikia hamamuni, na tangu siku ile hayakunitoka.

"Ile kamba ya Shirao haikatiki kwa sababu si kamba yetu," alisema Mama Orie wa duka la tofu. Maji ya moto yalikuwa yamemfika shingoni, kitaulo kimekaa juu ya kichwa. "Ndani ni nailoni tupu. Mabua ni nguo tu, wameivalisha."

Wanawake wakacheka. Mmoja akamwambia, "Orie, mvuke umekupanda kichwani, toka ukapoe." Mwingine akasema, "Hata wewe ndani ni mifupa, shoga, hayo manyama ni nguo tu umejivalisha." Wakacheka tena, kisha wakahamia kwenye nguruwe mwitu wanaofukua viazi vya watu. Mimi nilibaki natazama maji. Sikucheka, kwa sababu anayesimama chini ya kamba ile ni mwanangu.

Naandika haya kwa akina mama wenzangu wa Takinohara, hasa nyie mlioolewa huku kutoka bondeni, na nyie mnaotuma mabinti zenu huku majira ya joto wapate kazi. Mtaambiwa kuna mwehu mmoja alipanda mwerezi na mundu mbele ya wageni. Ni mimi. Nilipanda, na sioni haya. Sasa sikilizeni kwa nini.

Aliyezaliwa hapa hahitaji kuelezwa habari ya kamba, lakini nyie wengine muelewe. Kamba imepita mbele ya maporomoko ya Shirao, chini kidogo ya pale maji yanapoanza kuanguka. Upande huu imefungwa kwenye mwerezi, upande ule kwenye pete ya chuma iliyopigwa mwambani. Tangu zamani ni ya mabua ya mpunga. Kila nyumba ilikuwa inatoa mganda mmoja wakati wa baridi, watu wanakaa pamoja kwenye ghala la hekalu wanasokota, wanakunywa, wanasemana. Mabua hayana nguvu za ajabu. Mto ukijaa ukashuka na matawi na mawe, kamba hukatika. Ikikatika, maji yamefungwa. Haingii mtu chini ya maporomoko, awe mgeni, awe kuhani, awe nani, mpaka wanaume wapande juu na upondo waondoe kila kilichokwama kule, ndipo kamba mpya isokotwe na maji yafunguliwe tena. Tulipokuwa watoto tuliambiwa mungu wa maji amefunga mlango. Hatukuuliza zaidi. Lakini mwenye macho aliona magogo yakielea mtoni kila wanaume waliposhuka.

Sasa kamba iliyotundikwa baridi ya mwaka jana haikukatika. Theluji iliyeyuka, mto ukafurika, ikabaki. Kimbunga kikapita, ikabaki. Watu wakafurahi kweli, wakasema mwaka huu mungu ametupenda. Gazeti la mkoa likaja kupiga picha. Bwana Kuramochi, mwenyekiti wa umoja wa wenye nyumba za wageni, akasimamisha bango kubwa kwenye daraja: KAMBA ISIYOKATIKA, OMBEA NDOA YAKO HAPA. Wakaanza kuja maharusi kwa mabasi. Wanawake kutoka Osaka, kutoka nchi za nje, wanavaa kanzu nyeupe, wanasimama chini ya maji wanatetemeka, wanaomba waume zao wasiwaache.

Na anayewaingiza ni Mihoko wangu. Alipomaliza shule umoja ulimpa kazi hiyo. Anafunga utepe kichwani, anawashika wale wanawake mikono mmoja mmoja, anasimama nao juu ya lile jiwe bapa chini ya maji huku wanapiga mayowe, anawatoa. Wanampenda. Wakirudi makwao wanamtumia kadi.

Jioni ile ile ya hamamuni nilimuuliza tukiwa mezani.

"Miho, ile kamba aliisokota nani?"

"Mama, umeanza."

"Nimeuliza tu."

"Mama hujawahi kuuliza tu tangu nizaliwe." Akamgeukia baba yake. "Baba, msikie. Juzi ilikuwa dubu atanila njiani. Jana baridi ya maji itanifunga kizazi. Leo ni kamba."

Mume wangu Tatsuo alikuwa anakunywa supu. Yeye anakata miti na watu wa msitu, na akirudi hataki maneno. Nikamuuliza yeye.

"Baba Miho, wakati wa baridi ulipeleka mganda wetu wa mabua hekaluni?"

Akashusha bakuli. "Sikuombwa."

"Hukuombwa?"

"Nilidhani wameanza kuweka zamu, na mwaka huu ni ya watu wa kitongoji cha juu."

"Na mabua yetu yako wapi?"

"Nimefunikia vitunguu."

Kesho yake nilipanda kitongoji cha juu, nikamkuta Mama Orie anakata tofu ndani ya pipa la maji. Nikamuuliza kama wao walitoa mabua.

"Sisi? Sisi tulijua ni zamu yenu nyie wa chini."

"Na hamkutuuliza?"

"Tungewauliza vipi, Mama Miho? Si ingeonekana tunawasema kwamba mmesahau? Watu wazima na akili zenu?"

Jamani. Mji mzima haukutoa hata bua moja, na mji mzima ukakaa kimya kwa adabu. Wa juu wanawastahi wa chini, wa chini wanawastahi wa juu, kila mtu anapita darajani, anatazama kamba, anainamisha kichwa, anakwenda zake. Imetoka wapi? Hakuna aliyeuliza, kwa kuwa kuuliza ni kumkosea mwenzio. Adabu ya namna hiyo inaua watu.

Nikaenda kwa Bwana Kuramochi. Alisoma darasa moja na mume wangu, ila yeye sasa anavaa koti hata akiwa nyumbani kwake. Akanipokea kwa mikono miwili.

"Karibu, dada Kinue, karibu ndani. Mvua inakuja, magoti yameshaniambia."

"Sikai, Bwana Kuramochi. Ile kamba ndani kuna nini?"

Akacheka kidogo. "Ndani kuna uimara."

"Nimeuliza kuna nini. Sikuuliza ikoje."

Akanimiminia chai ya kijani, akasogeza sahani ya keki za maharage. "Dada, unakumbuka mwaka jana? Kamba ilikatika wiki ya majani mekundu. Wiki ile ile! Mabasi yamejaa, watu wameshavaa kanzu, maji yamefungwa. Walisimama pale kama watu waliofika dukani wakakuta kufuli. Walivyoondoka, mji huu ulinyamaza kama una msiba. Sasa hivi nyumba zote zimejaa. Hata mume wako mbao zake zinanunuliwa."

"Kamba isipokatika tutajuaje kama kuna gogo juu?"

"Mto wetu ni mpole."

"Mto wetu uliwahi kuondoka na daraja!"

"Tulikuwa watoto, dada."

"Na mwanangu yuko chini ya maji."

"Mihoko ni hazina yetu sote."

"Si hazina. Ni mtoto wangu mimi."

Akainamisha kichwa, taratibu, kama anayepokea zawadi. "Neno lako ni zito. Nitalifikiria sana. Sana, sana."

Nyie mlioolewa huku, mtu akikwambia neno lako ni zito atalifikiria, ujue ameshalitupa. Akanifungia keki mbili kwa karatasi nzuri nimpelekee Mihoko. Nilipofika nje nikazitupa mferejini, na mimi si mtu wa kutupa chakula.

Nikasema basi, nimwendee kuhani. Mzee Asahina nilimkuta anafagia majani kwenye ngazi za hekalu. Ni mtu mwema, sina ugomvi na wema wake. Ana mahekalu matatu ya kuhudumia na magoti mabovu.

"Mzee, ile kamba uliishika?"

"Haishikwi, mama. Ikishaombewa haiguswi na mkono wa mtu. Unajua."

"Nasema kabla ya kuombewa."

Ufagio ukasimama. "Niliikuta imeshatundikwa. Walisema wamenipunguzia kupanda."

"Kwa hiyo hujui uliombea nini."

"Niliombea kamba."

"Uliombea bidhaa ya dukani, mzee wangu. Funga maji. Sema tu kwamba yamefungwa."

Akanitazama kwa huzuni, nami huzuni yake ikanichoma kuliko kicheko cha Kuramochi. "Mimi sifungi maji. Kamba ndiyo hufunga. Ikianguka natangaza. Isipoanguka nitatangaza nini? Kwamba Mama Miho ana wasiwasi?"

Nilitoka mle sikuinama langoni. Ni mara ya kwanza maishani mwangu.

Kisha mvua ikaja. Ilinyesha siku mbili bila kupumua. Mto ukawa na rangi ya supu ya maharage, na ukiwa jikoni kwangu ulisikia mawe yakigongana chini ya maji kama mtu anayeviringisha mapipa. Siku ya tatu jua likatoka, na mabasi yakapanda. Watu walipokuwa wanapita darajani walitazama juu, kisha wakaambiana, "Ipo!" Kama salamu. Muuza samaki, "Ipo!" Mwalimu wa chekechea, "Ipo!" Mume wangu mwenyewe alirudi kutoka kuchungulia akaniambia, "Ipo, Mama Miho, tulia." Nilitaka kumpiga na mwiko. Mtu anayejua vitunguu vyake vimelala chini ya mabua yale yale ambayo hayakwenda hekaluni, na bado anatazama kamba ile na moyo wake unatulia! Ndivyo tulivyolelewa. Kamba ikiwepo, macho yetu hayaendi mbali zaidi ya kamba.

Mihoko alikuwa mlangoni anafunga ndara zake.

"Leo usiende."

"Mabasi yamefika, Mama."

"Sema unaumwa."

"Niseme uongo? Wewe ndiye uliyenifinya nilipodanganya kwamba nimepiga mswaki." Akacheka, halafu akaona uso wangu. "Mama. Kamba ipo."

"Kamba ni nailoni."

"Kasema nani? Mama Orie? Huyo si ndiye aliyetangaza mkuu wa posta amekufa, mtu yuko Nagoya anacheza na wajukuu?"

Nikamshika mkono wa kanzu. Alinitoa vidole kimoja kimoja, polepole, bila kuniumiza, kama nilivyokuwa nikimtoa yeye alipokuwa mdogo aking'ang'ania nguo yangu. "Wale wanawake wananiamini," alisema. "Nisipokuwepo ataingia nao nani? Kijana wa Kuramochi? Yule anaogopa hata beseni."

Akaenda. Hapo nikajua hakuna mdomo utakaomzuia. Mtu akimwambia kuna hatari, yeye atasema ndiyo maana niwepo. Nikaingia bandani nyuma ya nyumba, nikachukua mundu.

Pale Shirao ngoma ilikuwa inalia. Wanawake wamepanga mstari kwenye mawe, kanzu nyeupe, midomo imeshaanza kuwa ya zambarau. Bwana Kuramochi alikuwa na kipaza sauti. "Wapendwa wageni, hii ndiyo kamba isiyokatika! Kimbunga hakikuiweza! Shikaneni mikono, fikirini wapenzi wenu!" Mihoko alikuwa mbele yao, maji ya baridi yamemfika vifundoni, anawatabasamia. Maji ya maporomoko hayakuwa meupe siku ile. Yalikuwa ya kahawia, mazito, na yalikuwa yanaanguka kwa kurukaruka, yanajaa, yanapungua, yanajaa tena. Mtu yeyote aliyewahi kumimina maji kwenye birika lenye majani yaliyoziba mdomo anajua maana yake. Wote walikuwa wanatazama kamba.

Nilipanda ngazi za pembeni. Hakuna aliyenizuia. Mwanamke mwenye kilemba na mundu huku kwetu hatazamwi, watu hudhani anakwenda kufyeka magugu. Mwerezi una mizizi iliyotoka nje kama magoti. Nikapanda juu yake, nikakumbatia shina kwa mkono mmoja, nikapiga.

Pigo la kwanza mabua yakamwagika. Na ndani yake, jamani, ikatoka buluu. Buluu ya turubai. Buluu ya ndoo ya plastiki. Nene kama kifundo cha mkono wangu, inang'aa, haina hata doa la maji. Nilijua nitaikuta, na bado nililia kwa hasira nilipoiona. Nikaanza kuikereza kwa mundu, nao unateleza.

"Jamani! Mama Miho anakata kamba!"

"Amerukwa na akili! Mshusheni!"

"Mama!" Hiyo ilikuwa sauti ya Mihoko. "Mama, shuka! Unanifanyia nini?"

Bwana Kuramochi akasahau kwamba kipaza sauti kiko wazi. "Ni nani huyu punguani? Mtoeni, mtoeni, wageni wanapiga picha!" Maneno yake yakagonga mlima wa pili yakaturudia. Punguani, punguani.

"Tazameni!" nikawajibu, na mimi sikuhitaji kipaza sauti. "Tazameni mnachokiinamia kila asubuhi! Haya, nani alitoa bua lake humu? Wewe muuza samaki? Wewe mwalimu? Nani? Buluu hii imelimwa shamba la nani?"

Aliyejibu ni Mama Orie, ambaye alikuwa pale na meza yake ya tofu. "Mimi nilisema!" akapiga kelele. "Nilisema hamamuni mkanicheka mifupa!"

Nyuzi zikaanza kukatika moja moja, tap, tap. Kisha ikaachia. Ncha ikaruka hewani kama mjeledi, ikaanguka bwawani karibu na wageni, na vile vikaratasi vyeupe vya maombi vikatawanyika juu ya maji. Ngoma ikanyamaza.

"Imekatwa!" alisema Kuramochi. "Mmeona wote, haikukatika, imekatwa. Hiyo haihesabiwi. Tunaendelea!"

Mzee Asahina alitoka kivulini na kofia yake ndefu nyeusi, akaja mpaka ukingoni. Alitazama ile buluu majini muda mrefu. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Kamba iko wapi?" akauliza.

"Kuhani, imekatwa kwa mundu, kila mtu kaona."

"Sikuuliza imefanywa nini. Nimeuliza iko wapi."

"Iko... iko majini."

"Basi imeanguka. Maji yamefungwa."

Mngedhani yameisha. Hayakuisha! Mtu yule alimsogelea Mihoko, akamwinamia sikioni, na kipaza sauti bado kinafanya kazi mkononi mwake, kwa hiyo sote tulisikia. "Miho, ingiza hawa wa mbele tu. Dakika moja. Picha moja, basi. Wametoka mbali."

Nikiwa juu ya mwerezi sikuweza kufanya kitu. Mihoko alitazama ile kamba, akanitazama mimi. Uso ule sijawahi kuuona na sitaki kuuona tena. Kisha akageuka, akatandaza mikono yote miwili, akaanza kuwasukuma wale wanawake kurudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka wote wakawa kwenye mawe makavu, mpaka na yeye akatoka.

"Maji yamefungwa," aliwaambia. "Tafadhali. Yamefungwa." Alikuwa analia kwa hasira. Alimkasirikia nani, mimi au Kuramochi, sikujua.

Wanaume wakapanda. Tatsuo alitangulia na upondo bila kuambiwa na mtu. Tulikaa ukingoni tukisubiri, wageni wamejifunika mataulo, na kutoka juu wakaanza kupiga kelele tusogee mbali zaidi, mbali kabisa, tuvuke barabara. Kule juu walikuta mwerezi mwingine mzima na mizizi yake, umelala ukingo hadi ukingo, na nyuma yake mawe na matope yamejipanga kama ukuta. Walihangaika nao mpaka mchana ukapita. Uliposhuka, ardhi ilitikisika miguuni mwetu. Ulianguka kichwa chini, ukapiga lile jiwe bapa, jiwe la kusimamia, likapasuka vipande, na wimbi likaja mpaka kwenye meza ya tofu.

Nikasema moyoni, sasa wataona.

Mnajua walisema nini? Wa kwanza alisema, "Lo, jiwe limevunjika." Wa pili akasema, "Sasa wageni watasimama wapi?" Na Kuramochi, Mungu anisamehe, akavuta pumzi akasema, "Lilikuwa linatoka vizuri sana kwenye picha." Walikuwa wanalisikitikia jiwe. Walisimama pale, watu ninaowajua tangu tumebebwa mgongoni, wakalisikitikia jiwe.

Wiki ile akaja mkuu wa kitongoji. Akakaa kwenye ukingo wa mlango wangu, akakataa chai, akasema kwa upole kwamba kamba takatifu imeguswa na chuma, na kwamba ingefaa nipite nyumba kwa nyumba. Nikapita. Tatsuo alisema tukikataa hatutaweza kuishi hapa, na alisema kweli. Nilibeba biskuti za mchele kwenye kitambaa, nikainama kila mlango, na Mihoko nyuma yangu akiinama ninapoinama, haongei. Kila mlango wakanijibu, "Usijali, Mama Miho, tunaelewa. Ulikuwa na wasiwasi tu." Wasiwasi! Gogo limepasua jiwe mbele ya macho yao, na mimi nina wasiwasi tu. Bwana Kuramochi alipokea biskuti kwa mikono miwili, akaniambia amelifikiria sana neno langu.

Mlangoni kwangu hakuja mtu kuinama.

Mihoko hakusema nami mpaka mwaka mpya. Tulikuwa tunakula mikate ya mchele, akasema bila kuinua macho, "Uliniaibisha mbele ya watu wote."

"Ndiyo," nikasema.

"Ungeniambia vizuri."

"Nilikuambia vizuri. Ulinitoa vidole."

"Ungeniacha niamue mwenyewe."

Nilikuwa natazama mdomo wake unavyosema. Alikuwa na mdomo wa kunilaumu, na mimi niliutaka huo tu. Sasa anafanya kazi duka la dawa kule bondeni. Akipiga simu anaongea na baba yake.

Ningenyamaza hapo, lakini wamefungua tena. Jiwe jipya limeletwa na lori, limepigwa saruji, limenyooka kama meza. Kamba mpya ipo. Na safari hii, msiwaone wajinga, walipita kila nyumba wakaomba mganda wa mabua. Watu walifurahi sana, wakasema mambo yamerudi kama zamani. Tatsuo alipeleka wetu. Lakini siku ya kusokota, ghala la hekalu lilikuwa limefungwa, tukaambiwa mafundi wameshamaliza. Nikazunguka nyuma ya ghala. Mabua yetu yalikuwa pale yamerundikwa mpaka dirishani, yananyeshewa. Kamba ya mabua matupu inakula miganda yote na bado tunaongezea. Hii ilishiba upesi, kama iliyokuwa na kitu tumboni tayari. Nikamwambia Mzee Asahina. Akasema safari hii aliishika, na ilikuwa mabua. Nikamuuliza aliibonyeza? Akarudi kufagia.

Na jana nimeona tangazo posta: wanatafutwa mabinti, majira ya joto, chakula na malazi juu ya umoja. Ndiyo maana nimeandika. Mwenye binti ashike haya:

Usikubali jibu la "ipo". Uliza imetoka wapi.

Usidhani ni zamu ya kitongoji kingine. Nenda ukawaulize, wakasirike.

Usimpeleke binti kazini Shirao kama hukuona kamba ikisokotwa kwa macho yako, kuanzia bua la kwanza.

Usile keki ya mtu uliyemwendea na swali.

Maji yakiwa ya kahawia, asiingie. Yakiwa yanaruka na kupungua, asisimame hata ukingoni. Kamba iwepo isiwepo.

Usingoje kuhani aseme.

Usichukue mundu. Chukua msumeno.

Ukiambiwa uombe radhi, usipite nyumba yoyote kabla hawajapita kwako.

Usimwambie binti yako mlangoni akiwa ameshavaa viatu. Mwambie wiki nzima kabla, mpaka akuchoke.

Usimwache aingie kwa sababu tu wageni wameshapanga mstari.